Siku Niliposhindwa Uchaguzi wa Waingereza

Kuna harufu moja ambayo hata leo ikinipata ofisini nageuka kumtafuta Miss Rowena. Ni harufu ya wino wa zile kalamu nene za kuandikia mabango, ikichanganyika na karatasi ngumu mpya na ubaridi wa kiyoyozi kilichowashwa tangu alfajiri. Mwenzangu mmoja hapa Lusail, Qatar, hufungua kalamu ya aina hiyo kila tunapoanza mkutano, na kabla hajaandika neno la kwanza mimi huwa nimeshaondoka. Nimerudi darasani. Nina miaka kumi na miwili, vidole vyangu ni vya buluu hadi kwenye kucha, na nimebakiza kidogo tu niwe waziri mkuu wa Uingereza.

Usicheke. Nilikuwa nimebakiza kidogo kweli.

Tulikuwa tunakaa Al Wukair, pembezoni mwa Doha, enzi zile ambapo ukifungua dirisha la jikoni unaona mchanga mtupu hadi macho yachoke. Baba alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Doha, na Mama alikaa mapokezi kwenye hoteli, akiwatabasamia wageni siku nzima hadi akifika nyumbani anasema mashavu yanamuuma. Tulikuwa tumetoka Kenya, mji mdogo wa Bonde la Ufa, nikiwa na miaka minane. Kwa nini tulitoka sikuuliza. Mtoto huamini kwamba wazazi wakihama, basi ni wakati wa kuhama. Nilijua Baba alipata kazi, nikajua nyumba yetu ya nyumbani haipo tena, nikadhani imeuzwa.

Shule yetu ilifuata mtaala wa Waingereza, lakini darasani Mwingereza hakuwepo hata mmoja. Tulikuwa Wahindi, Wamisri, Wasudani, Wafilipino, Waqatari wawili watatu, na mimi. Miss Rowena mwenyewe hakupenda kuitwa Mwingereza. Alitoka Wales, nchi aliyotuambia ina kondoo wengi kuliko watu, na babu yake alichimba makaa ya mawe hadi kifua kikamkatalia. Alikuwa mrefu, mwekundu wa uso, na alifundisha historia kama mtu anayesengenya majirani.

Muhula ule alitusimulia uchaguzi wa kwanza wa Uingereza baada ya vita vikuu vya pili vya dunia. Nchi ile ilikuwa imeongozwa vitani na mzee mmoja mnene mwenye sauti ya radi, sigara kubwa mdomoni, na vidole viwili juu kuashiria ushindi. Alikuwa kiongozi wa chama cha wahafidhina, na dunia nzima ilimjua. Aliyempinga, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alikuwa mtu mkimya ambaye ungepishana naye sokoni usimkumbuke. Yule wa sigara alikuwa ameshinda vita. Yule mkimya aliahidi nyumba, kazi, na matibabu ya bure kwa kila mtu. Wananchi wakapiga kura, masanduku yakangojewa majuma kadhaa kwa sababu ya kura za askari waliokuwa ng'ambo, na yalipofunguliwa, mshindi wa vita alikuwa ameangushwa.

"Akafanya nini?" aliuliza Karan, rafiki yangu, ambaye hakuwahi kuuliza jambo kwa sauti ya chini.

"Jioni ile ile alikwenda kwa mfalme, akajiuzulu," alisema Miss Rowena. "Halafu akarudi bungeni, akakaa upande wa pili, akaanza kuwapinga. Wenzetu wana hata mshahara wa kiongozi wa upinzani. Na miaka michache baadaye, wapiga kura wakamrudisha."

Kisha akatuambia kwamba tutaurudia uchaguzi ule sisi wenyewe. Historia haitatufunga, alisema. Darasa letu lina haki ya kuamua vingine. Majina ya vyama yakawekwa ndani ya mkebe wa chakula cha mchana, nasi wagombea tuliochaguliwa tukaingiza mikono. Omar, mtoto wa Kisudani, akatoa chama cha wafanyakazi. Mina, Mmisri, akatoa chama kidogo cha waliberali, akakikasirikia, na kufikia siku ya pili alikuwa ameacha sera zote isipokuwa moja: kufuta mazoezi ya nyumbani ya Kiarabu. Mimi nikatoa wahafidhina, chama cha mshindi wa vita.

Nilifurahi kupita kiasi. Omar alikuwa mfupi, miwani yake imeshikizwa kwa uzi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma maelezo ya dawa. Nilikusudia kuisahihisha historia.

Karan akajifanya meneja wa kampeni yangu. Tulichora mabango hadi wino ukaisha. Mama, ambaye alitoka katika ukoo wa wapiga kelele wa siasa, alinifundisha namna ya kusimama, namna ya kunyamaza kidogo kabla ya neno zito, na namna ya kumtazama mpiga kura kana kwamba ndiye peke yake aliyebaki duniani. Asubuhi moja akakaanga mandazi ya iliki, bakuli zima, ili nikawagawie wapiga kura. Baba alikuwa anakunywa chai. Akalitazama bakuli, akanitazama mimi.

"Hayo ni ya nani?"

"Ya darasa, Baba."

"Kabla ya kura au baada ya kura?"

Nikamwambia kabla. Akalivuta bakuli taratibu, akalifunika kwa sahani.

"Mami, hiyo ni hongo."

"Baba Neema, mandazi ni mandazi!" Mama alipaza sauti kutoka jikoni.

"Kabla ya kura ni hongo," alisema Baba. "Baada ya kura ni mandazi."

Aliniita Mami kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mzaha wake ulikuwa mkavu kiasi kwamba ungeweza kuuhifadhi mwaka mzima. Lakini uchaguzi ule wa darasani ulimshika kwa namna ambayo sikuielewa. Niliposimulia kwamba kule Uingereza kiongozi wa upinzani analipwa mshahara, aliweka kijiko chini.

"Wanamlipa apinge?"

"Miss Rowena amesema."

"Wanamlipa apinge," alirudia, na wiki nzima akawasimulia wauguzi wenzake wodini, mmoja mmoja, kama mtu aliyegundua dawa mpya.

Kila asubuhi alipokuwa na nafasi alinipeleka shuleni kwa gari lake jeupe kuukuu, ambalo kiyoyozi chake kilipuliza upande wa dereva tu. Nilikuwa nakariri hotuba yangu njiani huku nimeinama kuelekea kwake nipate upepo. Nilikuwa na hotuba kali. Ilianza kwa swali, "Ni nani aliyewaokoa?" na ilimalizika nikiwa nimeinua vidole viwili. Baba alisikiliza, akanirekebisha mahali nilipokimbilia maneno, akanisifu. Halafu siku moja, magari yamesimama foleni mbele yetu na vumbi limetanda, akasema:

"Vizuri. Sasa nipe ile nyingine."

"Ipi?"

"Ya kushindwa."

Nilinyanyuka kitini. "Baba, wewe ni wangu au wa Omar?"

"Mimi ni wako, Mami. Ndiyo maana."

"Lakini mimi nitashinda!"

"Labda. Mwenye hotuba moja tu hajajiandaa."

Nikanuna. Nilinuna hadi lango la shule. Kesho yake akaniuliza tena, na kesho kutwa. Mwishowe, ili aniache, nikasema haraka haraka, "Nimeshindwa, asanteni." Akatikisa kichwa. Akataka niseme polepole, nimtaje aliyeshinda kwa jina, tena nimtaje kwa heshima. "Usimung'unye," alisema. "Wa nyuma kabisa asikie." Tukairudia hadi neno lile likanitoka wazi. Sikuwahi kumwona Baba akifuatilia kitu namna ile, hata nilipokuwa na homa.

Siku moja katika foleni hiyo hiyo nilimwambia kwamba Waingereza lazima walikuwa watu wazuri sana. Alicheka kwa pua.

"Babu yako alibeba bunduki katika vita hivyo," alisema. "Walimpeleka Burma. Alirudi na kovu hapa." Akagusa shavu. "Hao unaowasoma walipopiga kura yao, yeye hakupewa karatasi. Huko kwao hakuwa na kura, na kwetu pia hakuwa na kura. Alipiga kura yake ya kwanza mvi zimeshaanza."

"Sasa kwa nini unataka niwaige?"

Magari yakasogea. Alingoja tupite mzunguko wa barabara ndipo akajibu.

"Kitu kizuri chukua hata kwa mtu aliyekukosea. Usimwachie akakaa nacho peke yake."

Siku ya kura ilikuwa Alhamisi. Viti vilipangwa katika ukumbi mdogo, na wazazi walioweza walikuja wakakaa nyuma. Mama hakupata ruhusa kazini. Baba alikuja moja kwa moja kutoka wodini, bado amevaa sare yake, macho mekundu kwa usingizi, akaketi safu ya mwisho kando ya baba yake Omar.

Nilihutubu vizuri. Nalisema bila haya, maana ni kweli. Nilinyamaza pale Mama aliponifundisha ninyamaze, na nilipoinua vidole viwili ukumbi ulipiga makofi hadi Karan akasimama juu ya kiti. Mina akaahidi kufuta Kiarabu. Kisha Omar akapanda, akarekebisha miwani yake, akasema kwa sauti ile ile ya maelezo ya dawa kwamba vita vimekwisha, na watu wanataka kujua watalala wapi, na mtoto akiugua usiku atapelekwa wapi kama baba yake hana kitu. Hakuinua hata kidole. Nilitazama nyuso za wenzangu na kwa mara ya kwanza nikaanza kuzihesabu kura zangu. Watoto wale wote walikuwa na shangazi au mjomba mahali fulani, katika nchi fulani, aliyewahi kurudishwa kutoka mlango wa hospitali.

Tukapiga kura katika sanduku la viatu. Sanduku liliwekwa juu ya meza ya mbele, nami nilikaa pembeni yake. Kura zilipokwisha, mlango ukagongwa na Miss Rowena akatoka nje kidogo kuzungumza na mtu; aliporudi akafunua kifuniko na kuanza kuhesabu kwa sauti. Omar. Omar. Neema. Omar. Omar. Sikuhitaji kusubiri mwisho.

Lakini Karan hakukubali. Aliruka juu akapiga kelele, "Sanduku halikufungwa! Mwalimu alitoka nje! Kura zimechezewa!"

Moto wa nyasi kavu hauhitaji kuni. Waliokuwa wangu wakasimama wote. Waliokuwa wa Omar wakasimama pia. Kiti kikaanguka, mtu akararua bango, na Mfilipino mmoja mpole ambaye sikuwahi kumsikia akisema lolote akamsukuma jirani yake kifuani. Miss Rowena alikuwa anaita majina, hakuna aliyemsikia. Wote walikuwa wananitazama mimi. Karan alikuwa ananishika mkono akisema, "Waambie! Waambie zihesabiwe upya, waambie tunakataa!"

Nitakueleza kilichokuwa ndani yangu, msomaji. Ilikuwa tamu. Wote waliokuwa wangu walikuwa tayari kuinunia dunia kwa ajili yangu, na nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini nilikuwa nimekaa pembeni ya sanduku lile, mkono wangu ukikaribia kuligusa, na nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba hakuna mtu aliyelisogelea.

Nikatazama nyuma. Baba alikuwa amesimama. Hakutikisa kichwa, hakuniashiria. Ameshika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake kwa mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mtu niliyekuwa simjui. Aliogopa. Baba yangu, aliyekuwa akiwaona watu wakiletwa wamevunjika na mkono wake usitetemeke, alikuwa anawaogopa watoto wa darasa la historia.

Nikapanda jukwaani.

"Nimeshindwa," nilisema. Wa mbele walisikia. Nikakumbuka foleni ya magari, nikavuta pumzi. "NIMESHINDWA. Omar ameshinda, na ameshinda kwa haki. Nilikuwa nimekaa karibu na sanduku muda wote. Hakuna aliyeligusa."

Kelele zikashuka kama maji yaliyofungiwa bomba. Hotuba niliyoirudiarudia na Baba ilikuwa imeishia hapo, lakini miguu yangu haikutaka kushuka.

"Babu yangu alipigana vita hivi tulivyosoma," niliendelea, "na hakuruhusiwa kupiga kura. Leo mimi mjukuu wake nimepigiwa. Asanteni mlionipa. Na ninyi ambao hamkunipa, nimewaona mlipokaa, na nitarudi kuziomba."

Wakacheka. Mmoja, halafu wengi, halafu hata Karan, aliyekuwa bado ana machozi ya hasira. Omar akapanda, akanipa mkono wake mdogo wenye jasho, akaniuliza kwa wasiwasi wa kweli kama nitakubali kumpinga. Nikamwambia nitampinga kila siku. Miss Rowena alikuwa anajifuta pua kwa kipande cha bango langu.

Tulipofika kwenye gari Baba hakuliwasha. Aliketi, funguo mkononi, akitazama ukuta wa shule. Halafu akachukua simu akampigia Mama kazini, jambo ambalo hakuwa akilifanya ila kuwe na msiba.

"Ameshindwa!" alisema kwa sauti iliyosikika hadi lango kuu. "Mama Neema, ameshindwa! Amepanda mbele za watu akasema nimeshindwa! Amemtaja mwenziwe kwa jina!"

Sikusikia Mama alichosema. Nilimwona tu Baba akisikiliza, akiitikia kwa kichwa mara nyingi, na machozi yakimshuka hadi kwenye kola ya sare bila yeye kuyafuta.

Kabla ya kufika nyumbani alisimama kwenye kibanda cha chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, akaagiza vikombe viwili. Muuzaji, mzee wa Kihindi kutoka Kerala aliyetuzoea, akauliza kuna habari gani, mbona Baba ana furaha hivyo.

"Binti yangu ameshindwa uchaguzi," Baba akamwambia.

Yule mzee akaweka mkono kifuani, akanipa pole kwa masikitiko makubwa.

"La, la!" alisema Baba, akinipigapiga bega. "Sema mabruk! Mpe hongera!"

Yule mzee alitutazama kwa mashaka, akasema mabruk, akaniongezea sukari. Jumapili, shule ilipofunguliwa, nilipeleka mandazi, kwa ruhusa ya Baba, na wa Omar wakala na wangu wakala.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama kichekesho cha Baba yangu, mtu pekee Doha nzima aliyesherehekea binti kushindwa. Nilidhani alifurahia ujasiri wangu, au kile kipande cha Babu. Halafu siku moja, si zamani sana, nilikuwa kwa wazazi wangu na runinga ikaonyesha waziri mkuu mmoja wa Uingereza siku moja baada ya uchaguzi. Alisimama mbele ya nyumba ya serikali, akasema amewasikia wananchi, akaomba radhi, akamsifu aliyemshinda, akaingia garini na mkewe. Baba alikuwa zamu. Mama alikuwa anakanda unga wa chapati, na mikono yake ikasimama.

"Unajua baba yako alikuwa anangoja hilo," alisema.

Ndipo akanisimulia. Wakati wa ule uchaguzi wa kwetu Kenya, matokeo yalipobishaniwa na watu wakaanza kuuana, nami nikapelekwa kwa shangazi kwa kile nilichodhani ni likizo, Baba alibaki katika zahanati ya mji wetu. Walioweza kukimbia walikuwa wamekimbia. Yeye aliwashona watu, wa upande huu na wa upande ule, wote majirani, wote akiwajua kwa majina ya watoto wao. Redio ilikuwa imewashwa dirishani muda wote. Kila taarifa ya habari ilipoanza alisimamisha sindano, akamwambia mgonjwa angoje, akasikiliza kama yupo mkubwa yeyote, wa upande wowote, atakayesema neno lile moja, nimeshindwa. Taarifa ikiisha anaendelea kushona. Siku moja akiwa katika kazi hiyo nyumba yetu ikachomwa, na aliyekuja kumpa habari alikuja kushonwa.

"Hakuna aliyelisema," Mama alisema. "Tukaja huku, na bado alikuwa analingoja."

Nimeshinda mambo kadhaa maishani tangu siku ile, na mengine yapo ukutani kwangu ndani ya fremu. Lakini mtu akiniuliza ni lipi ninalojivunia, nafikiria ukumbi ule, na baba yangu amesimama safu ya mwisho kwa sare iliyokunjamana, ameshika kiti asianguke, akisikiliza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilidhani ninamwambia Omar.